UZI: Siku 30, karatasi na kikao. Sheria ya mahusiano kazini inavyomlinda mfanyakazi na mwajiri

#1 Karani wa Zamani

Wakuu, habari za kazi.

Humu kila mara analetwa mtu aliyefukuzwa kazi, na majibu huwa yale yale mawili. La kwanza: "nenda kashtaki, watakulipa mamilioni." La pili: "achana nao, sheria ni ya wenye nacho." Yote mawili yanapoteza watu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye masjala na utumishi wa sekta binafsi, nimeandaa mafaili ya waajiri, na nimewahi kukaa na mfanyakazi mwenzangu mbele ya msuluhishi kama mwakilishi wake. Nitaandika ninavyoufahamu mfumo, wanasheria mtarekebisha.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Tanzania Bara tuna sheria mbili pacha za mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7. Ya kwanza inataja haki na wajibu. Ya pili inaunda vyombo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (ndiyo CMA), baraza la ushauri la LESCO ambamo Serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa pamoja, bodi za mishahara, maafisa kazi, na Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Mwaka 2007 zikatoka kanuni, na mbili ndizo utazisikia kila ukikanyaga CMA: Tangazo la Serikali Namba 42 kuhusu utendaji bora na Namba 64 kuhusu usuluhishi na uamuzi. Zanzibar wana sheria zao za 2005, kwa hiyo ndugu zetu wa visiwani msichukue namba zangu kama zilivyo. JWTZ, Polisi, Magereza na JKT nao wako nje ya sheria hii.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalitaki kulisikia. Sheria hii haimwahidi mtu yeyote kwamba atabaki kazini. Inamwahidi kwamba hatatolewa bila sababu halali na bila kusikilizwa. Mwajiri mwenye sababu na aliyefuata utaratibu analindwa na vifungu hivi hivi, na mfanyakazi akienda kushtaki atashindwa. Mwajiri mwenye sababu nzuri kabisa lakini aliyefoka "toka, nisikuone hapa" mbele ya wateja, huyo atalipa. Nimeona mtu aliyeiba kweli akilipwa fidia kwa sababu bosi wake alikuwa na hasira kuliko subira.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Mfanyakazi anaonyesha kwamba aliajiriwa na kwamba ameachishwa. Kuanzia hapo ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha sababu na utaratibu. Ndiyo maana faili lina nguvu kuliko maneno.

Kwa upande wa mfanyakazi, silaha ya kwanza ni kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama malimbikizo ya mshahara au likizo, siku 60. Ukichelewa si mwisho wa dunia, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza ucheleweshaji wote, na "nilikuwa naongea na bosi kwa WhatsApp akaniahidi tutayamaliza" haijawahi kuwa sababu tamu masikioni mwa msuluhishi. Wapo waajiri wanaojua hili vizuri sana. Wanakubembeleza, wanakuambia rudi wiki ijayo mkurugenzi amesafiri, siku zinakatika.

Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi, kwa hiyo mwenye nakala ya kupakua ya zamani awe makini nayo.

Karibuni.

#2 Dereva wa Usiku

Naweka kambi hapa. Mkuu endelea, tunasoma.

#3 Mama Stoo

Kaka Karani, asante. Mimi ni mwajiri mdogo, nina duka la vifaa vya ujenzi na vijana wanne. Humu tunatukanwa sana waajiri lakini hamjui tunayopitia. Kijana wangu wa kaunta amekuwa na upungufu wa pesa kwenye droo kila mwisho wa wiki. Nimemkata kwenye mshahara, amekwenda kulalamika kwamba namnyonya. Sasa hiyo sheria inanilinda mimi wapi? Au mwenye duka ni adui tu?

#4 Karani wa Zamani

Dada Mama Stoo, umeuliza swali zuri kuliko wengi. Sheria haikukatazi kukata. Inakuwekea njia ya kupita, na ukipita humo hakuna atakayekugusa.

Ili ukate mshahara kufidia hasara, yatakiwa mambo haya yote yawepo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye. Umweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na ulivyokipata. Umpe nafasi ya kupinga. Yeye akubali kwa maandishi. Jumla ya deni isizidi hasara yenyewe, na makato kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Tuchukue mfano. Kijana analipwa 520,000 kwa mwezi na upungufu uliothibitika ni 300,000. Mwezi mmoja huwezi kumkata zaidi ya 130,000. Ukimaliza zote 300,000 mwezi huo huo, hata kama aliiba kweli, sasa kosa lina mwenyewe mpya na ni wewe.

Ninachokushauri kama mtu aliyeshika mafaili: kila jioni muhesabu pamoja, karatasi moja, sahihi mbili. Upungufu ukitokea siku hiyo hiyo mwandikie barua ya kujieleza. Ikijirudia, onyo la maandishi. Ikijirudia tena unaitisha kikao cha nidhamu. Hapo hata ukimwachisha, karatasi zitaongea kwa niaba yako. Bila hizo mtabaki na neno lako na lake, na mzigo wa kuthibitisha nimeshasema uko kwa nani.

#5 Mama Stoo

Karatasi moja sahihi mbili hilo nimelichukua. Ila kikao cha nidhamu dukani kwa watu wanne, tutakaa na nani? Mwenyekiti nani, mlinzi?

#6 Wakili Mtarajiwa

😂😂 Mama umenichekesha. Lakini kanuni zimelifikiria hilo, biashara ndogo haitarajiwi kuwa na kamati kama ya benki. Kinachoangaliwa ni kama alijua anatuhumiwa nini, alipewa muda, alisikilizwa, na aliyeamua hakuwa ameshaamua kabla. Kama wewe ndiye uliyemkamata na droo, mtafute mtu mwingine aongoze kikao, hata mhasibu wako wa nje. Usiwe polisi, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

#7 Fundi Saruji

Mnaongelea wenye mikataba. Sisi vibarua je? Nimefanya kazi kwenye karakana moja karibu miaka miwili, nalipwa kila Jumamosi mkononi, sijawahi kusaini kitu. Juzi msimamizi kaniambia "kuanzia kesho usije". Nikimwambia haki zangu anacheka, ananiambia wewe si mwajiriwa, wewe ni kibarua, jina lako halipo popote.

#8 Wakili Mtarajiwa

Mkuu Fundi, hapo ndipo wengi wanapoliwa.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Kuandika ni wajibu wa mwajiri. Yeye ndiye anatakiwa akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Anatakiwa pia ayatunze miaka mitano hata baada ya ajira kuisha. Kesi ikija na hana cha kuonyesha, kazi ya kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai inamwangukia yeye.

Halafu Sheria ya Taasisi za Kazi ina dhana ya kumtambua mwajiriwa. Ukionyesha hata kimoja kati ya vigezo vyake, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwenzako athibitishe vinginevyo. Kwa mfano: je, kuna mtu anakuelekeza namna ya kufanya kazi? Saa zako anazipanga yeye? Vifaa ni vyake? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Unategemea kipato kutoka kwake peke yake? Mtu wa karakana kwa miaka miwili atakosa kigezo kweli?

#9 Fundi Saruji

Vyote ninavyo. Mashine zao, ovaroli zao, kengele yao. Ushahidi ndio sina.

#10 Karani wa Zamani

Unao, hujautafuta tu. Una meseji za msimamizi anakuambia uwahi? Skrinshoti sasa hivi kabla simu haijaharibika. Kuna daftari la getini unasaini ukiingia? Kumbuka lipo, utaomba liletwe. Umewahi kulipwa kwa simu hata mara moja? Chukua taarifa ya miamala. Wenzako wawili walioacha kazi hapo ambao hawaogopi tena, wawe mashahidi.

Na muhimu kuliko vyote: lini uliambiwa usije? Andika tarehe hiyo ukutani.

#11 Bibi Utumishi

Habari wanajamvi. Mimi ni HR na nitampinga kidogo mwenye uzi.

Karani, unautukuza sana utaratibu. Nikiwa ndani ya kazi hii nimeona vikao vya nidhamu ambavyo ni maigizo matupu. Barua ya kujieleza inatoka, mtu anajieleza kurasa tatu, hakuna anayezisoma. Kamati inakaa dakika ishirini, uamuzi uko kwenye bahasha toka jana. Karatasi zote ziko sawa, muhuri upo, sahihi zipo. Hapo mfanyakazi kalindwa na nini? Mfumo unaolinda karatasi unamfaa mwenye printa.

Na kwa upande mwingine, nimeona mwajiri mwema kabisa, kampuni changa, ameadhibiwa kwa sababu alikosea hatua moja ambayo haikubadilisha chochote. Mwizi alikiri kwa mdomo wake!

#12 Karani wa Zamani

Dada Bibi Utumishi, nakubali maigizo yapo. Ila huwa yanaacha alama, na mtu akijua pa kutazama atazikuta.

Nitoe faili moja nililowahi kulishika, sitataja la wapi. Barua ya wito wa kikao: imetolewa Ijumaa saa kumi jioni, kikao Jumatatu saa tatu asubuhi. Kwa saa, 48 zimezidi. Waliridhika kabisa. Lakini kanuni inasema muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48. Hizo 48 ni sakafu, hazikuwekwa kuwa dari. Tuhuma ilikuwa ya mahesabu ya mwaka mzima, nyaraka ziko ofisini, ofisi imefungwa Jumamosi na Jumapili. Angejiandaa na nini?

Nikafungua ukurasa wa pili. Mwenyekiti wa kikao ni yule yule aliyesaini ripoti ya uchunguzi. Ukurasa wa tatu: muhtasari hauonyeshi mtuhumiwa akiuliza mashahidi hata swali moja, wala kama aliambiwa anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Na mwisho kabisa, barua ya kuachishwa kazi: tarehe yake ni ya Jumapili. Kikao Jumatatu, barua Jumapili! Mtu wa kuchapa alisahau kubadilisha.

Printa ni yao, lakini printa hiyo hiyo ndiyo iliyowaumbua. Mfanyakazi ana haki ya kupewa uamuzi wenye sababu, ana haki ya kukata rufaa ya ndani ndani ya siku tano za kazi, na kila hatua inazaa karatasi nyingine ambayo mwamuzi ataisoma akiwa ametulia, mbali na ofisi yenu.

Kuhusu mwajiri mwema aliyekosea hatua moja, hapo tuko pamoja. Sheria ya 2004 iliandika fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 bila kutofautisha aliyemfukuza mtu asiye na hatia na aliyemfukuza mwizi kwa kikao kibovu. Mahakama ya Rufani ikaanza kutofautisha, na marekebisho ya 2025 yakaligusa eneo hilo hilo. Ilikuwa haki ibadilike. Kilio cha waajiri hapo kilikuwa na mantiki na sioni aibu kukisema.

#13 Bibi Utumishi

Tarehe ya Jumapili 🙈 Hiyo naijua, si mara moja.

Basi niongeze linalowafaa waajiri wenzangu. Mtu mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya kuachishwa isivyo haki. Hii ndiyo nafasi yako ya kumpima mtu. Lakini wengi wanamwacha mtu miezi tisa "kwenye majaribio", hawamwandikii tathmini hata moja, halafu wanashangaa. Kipindi cha majaribio kina kazi yake: mwite, mwambie anapopungua, mpe muda, andika. Kumbukeni pia kwamba chini ya miezi sita bado huruhusiwi kumbagua, wala kumfukuza kwa sababu ya ujauzito. Kinga hiyo haisubiri miezi.

Na mikataba ya muda maalumu. Awali ilikuwa kwa wataalamu na mameneja, sasa marekebisho yamepanua aina za kazi. Ila ukimhuishia mtu mkataba mwaka baada ya mwaka, unamwambia "wewe ni wetu", kisha mara hii unamtupa, ana hoja: alikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa. Maneno matamu ya kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka yamewahi kusomwa mbele ya mwamuzi, jamani.

#14 Dereva wa Usiku

Mimi nilijiuzulu mwenyewe, ila nililazimishwa. Walininyang'anya gari, wakanikalisha kwenye benchi getini kila siku bila kazi, mshahara ukaanza kuchelewa. Nikaona bora niandike barua. Nina kesi?

#15 Wakili Mtarajiwa

Kaka, ipo njia hiyo: mwajiri akifanya mazingira yasivumilike mpaka ukajiuzulu, sheria inahesabu kama amekuachisha. Ila ni kesi ngumu, na hapa mzigo unaanzia kwako. Watauliza: ulilalamika ndani kwanza? Kwa maandishi? Barua yako ya kujiuzulu inasemaje? Kama uliandika "nashukuru kwa ushirikiano wote, nawatakia kila la heri" umejifunga mikono.

#16 Dereva wa Usiku

Niliandika hivyo hivyo. Nilimnakili mtu mtandaoni.

#17 Wakili Mtarajiwa

Pole sana kaka. Bado unaweza kudai mishahara iliyochelewa na likizo kama siku 60 hazijapita. Nitumie ujumbe pembeni.

#18 Mjumbe wa Tawi

Mbona hamjagusa vyama vya wafanyakazi? Mnazungumza kama kila mtu yuko peke yake na bosi wake.

Wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama, waajiri wanne wanatosha kuanzisha chao. Waajiri wamejipanga, wana ATE yao (Chama cha Waajiri Tanzania), wanapewa ushauri wa sheria na mafunzo. Sisi tuna TUCTA (shirikisho la vyama vya wafanyakazi) na vyama vyake lakini vijana mnakimbia makato ya ada. Chama chenye wanachama wengi kuliko nusu kwenye sehemu ya kazi kinatambuliwa kuwa mjadili pekee, na mwajiri hawezi kukikimbia, anapaswa kujadiliana kwa nia njema. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, ukisainiwa unawafunga wote, mpaka wasio wanachama. Mambo mengi mnayoyalilia hapa, kama posho ya usafiri, muda wa likizo ya mzazi zaidi ya wa sheria, utaratibu wa nidhamu, yanaandikwa humo.

Mgomo nao ni haki, ila una mlango wake. Mgogoro uwe wa maslahi (mnadai kitu kipya, kama nyongeza), maana wa haki (mnadai ambacho sheria au mkataba tayari unawapa) unakwenda kuamuliwa. Upite kwenye usuluhishi, siku 30 ziishe bila suluhu, kura ipigwe kwa katiba ya chama, notisi ya saa 48 itolewe. Mwajiri naye ana haki ya kuwafungia wafanyakazi nje kwa masharti yanayofanana. Na huduma muhimu kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege haziingii kwenye mchezo huo. Ukigoma kihalali hufukuzwi kwa kugoma. Ukiamka tu asubuhi mkafunga geti, mwajiri anakimbilia Divisheni ya Kazi, anapata zuio, na mnaweza kudaiwa hasara.

#19 Mtu wa Halmashauri

Na sisi wa serikalini? Jirani yangu kafukuzwa halmashauri, kakimbilia CMA, wamemrudisha.

#20 Wakili Mtarajiwa

Ni sahihi kurudishwa. Tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za ndani za Sheria ya Utumishi wa Umma: mamlaka ya nidhamu, Tume ya Utumishi wa Umma na kuendelea. Kuna waliopoteza miaka kwenye CMA na mahakamani kisha wakaambiwa walikuwa mlango usio wao. Mwambie aangalie muda wa rufaa yake leo, asingoje kesho.

#21 Asiyechoka

Karani, nisaidie hesabu. Nimepunguzwa kazi, kampuni imesema biashara imekuwa ngumu. Mshahara wa msingi 520,000 (nimecheka kuona mfano wako), siku sita kwa wiki, nimekaa miaka sita na miezi minane. Waliniajiri mkoani kwetu wakanileta huku. Wamenipa mshahara wa mwezi mmoja, wameniambia nisaini nimeridhika.

#22 Karani wa Zamani

Usisaini kwanza.

Kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara kunaruhusiwa, na hilo ni moja ya mambo yanayomlinda mwajiri: hatakiwi kufilisika ili kukuweka kazini. Lakini anatakiwa atoe taarifa ya nia hiyo mapema, aseme sababu, aeleze vigezo vya nani anabaki na nani anaondoka, na akae na chama au na ninyi wenyewe kushauriana kabla uamuzi haujafungwa. Mliitwa?

Sasa hesabu. Kwa siku sita za kazi kwa wiki, 520,000 gawanya kwa 26 ni 20,000 kwa siku. Kiinua mgongo cha kisheria ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Miezi minane yako haihesabiwi, miaka ni sita: 140,000 mara sita, 840,000. Notisi ya mtu wa mshahara wa mwezi ni siku 28, kama hawakukupa basi wakulipe badala yake. Huenda huo mshahara wa mwezi mmoja ndio wanauita notisi, waulize waandike. Likizo ambayo hukuchukua, ilipwe. Siku ulizofanya kazi, zilipwe. Cheti cha utumishi ni haki yako, si zawadi.

Halafu linalosahaulika kila siku: kama uliajiriwa mkoa mmoja na unaachishwa ukiwa mkoa mwingine, wana wajibu wa kukusafirisha wewe na mizigo yako mpaka ulikoajiriwa, au kukulipa nauli. Na tangu siku ya kuachishwa mpaka siku ya kusafirishwa wanakulipa posho ya kujikimu. Waajiri wengi wanapuuza kanauli haka, miezi inapita, posho inajilimbikiza mpaka inaizidi fidia. Mama Stoo, kama unasoma, nauli ya basi ilipwe siku ile ile.

#23 Mama Stoo

Nasoma. Wote wanne ni wa mtaani kwangu, asante Mungu 😅

#24 Asiyechoka

Hatukuitwa. Tulikuta majina ubaoni Alhamisi. Leo ni siku ya 24. Kwenda CMA ni shilingi ngapi? Na nikishindwa nitalipa gharama zao?

#25 Wakili Mtarajiwa

Kufungua mgogoro CMA hakuna ada. Unaweza kusimama mwenyewe, na kiongozi wa chama, na wakili au na mwakilishi uliyemchagua. Kwanza mtakaa na msuluhishi, ana siku 30. Msuluhishi hahukumu, anatafuta mkubaliane, na msiogope hatua hii, kesi nyingi nilizozishuhudia zimeishia hapo kwa mtu kuondoka na hela yake. Ikishindikana inakwenda kwa mwamuzi, anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo, ndiyo uamuzi wake. Asiyeridhika ana wiki sita kuomba mapitio Divisheni ya Kazi. Kule aliyeshindwa kwa kawaida habebeshwi gharama, labda iwe kesi ya kipuuzi au ya kumsumbua mwenzio.

Usikose siku ya usuluhishi. Wewe uliyelalamika usipotokea shauri linaweza kufutwa. Wao wasipotokea, msuluhishi anaweza kuamua bila wao. Kisu kinakata pande zote.

#26 Bibi Utumishi

Na kwenye Fomu Namba 1 ya CMA, ile ya kufungulia mgogoro, andika kila unachodai. Kwenye kuachishwa kazi kuna sehemu ya ziada ya kujaza kuhusu utaratibu na sababu, watu wanairuka. Usichokiandika mle utakuja kuambiwa hukukidai. Andika mapunguzo bila mashauriano, andika kiinua mgongo, notisi, likizo, usafiri, posho ya kujikimu, cheti. Hapo HR wa kampuni yenu atanichukia, ila sawa.

#27 Fundi Saruji

Wakuu nimefuata. Nimejaza fomu, msimamizi na bosi wote wamegoma kupokea nakala yao. Mlinzi kaambiwa asisaini chochote kinachotoka kwangu. Leo siku ya 19 tangu nikatazwe kazi. Nifanyeje?

#28 Karani wa Zamani

Walichofanya ndicho kilichofanya ziwepo rejesta za posta. Nenda posta, tuma nakala kwa barua ya rejesta kwenye anwani yao, jina la mwajiri liandikwe kama linavyosomeka kwenye kibao au kwenye leseni. Risiti ndiyo ushahidi kwamba umewapelekea. Ibandike nyuma ya fomu, peleka CMA ya mkoa ulikokuwa unafanyia kazi, wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Tengeneza nakala yako kabla hujaiacha.

#29 Fundi Saruji

Anwani yao sina. Kibaoni kuna namba ya simu tu.

#30 Bibi Utumishi

Angalia ile ovaroli yao uliyonayo, au stakabadhi yoyote waliyowahi kumpa mteja. Stakabadhi ya mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) inachapisha jina la biashara na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Kwa hayo utajua jina lao halisi, na sanduku la posta utalikuta kwenye ankara au barua yoyote yenye kichwa chao. Omba kwa mteja aliyewahi kununua hapo.

#31 Fundi Saruji

Shemeji alinunua milango pale mwezi wa tatu. Nampigia.